Mwenye Chui wa Jozani

Borafya bin Kificho hakuwahi kufuga kitu chochote katika maisha yake. Kwao Miembeni, Ng'ambo ya mji wa Unguja, mama yake hakutaka hata kuku uani, kwa kuwa kuku wa majirani walikuwa wakimtosha. Kwa hivyo mwaka wa hamsini na nne, kijiji kizima cha Pete kilipoamini kwamba yeye ndiye mwenye chui, Borafya alikuwa mtu wa mwisho kupata habari.

Kazi yake ilikuwa kulinda msitu wa Jozani. Serikali ilikuwa imeununua msitu huo kutoka kwa mwenyewe miaka michache nyuma, na baada ya kuununua ikakumbuka kwamba msitu hauna mlango. Boriti na fito zilikuwa zikitoka kila siku, na paa nunga, wale paa wekundu wadogo, walikuwa wakisaswa kwa mbwa na nyavu. Akatafutwa mtu wa kukaa huko. Wa kwanza alikataa kwa ajili ya mbu, na wa pili kwa ajili ya mashetani. Borafya, kijana wa miaka ishirini na saba aliyechoka kubeba magunia ya karafuu, akasema atakwenda. Alipewa suruali kipande ya kaki, kofia, baiskeli na filimbi. Silaha hakupewa. Aliambiwa akimwona mtu anakata mti apige filimbi. Akauliza filimbi hiyo ataisikia nani.

Basi akahamia kwenye kibanda chake pembeni mwa msitu, na kwa wiki mbili za mwanzo hakulala vizuri. Pelele, wanyama wadogo wa mitini, walikuwa wakipiga kelele juu ya miti hadi alfajiri. Kima punju, wenye migongo myekundu na nywele nyeupe zilizosimama usoni, walikuwa wakija asubuhi kukaa mbele ya mlango wake na kumtazama namna watu wanavyomtazama mgeni aliyekuja kuazima kitu. Baada ya mwezi aliwazoea. Baada ya miwili akawa anawakosa wakichelewa. Wanakijiji walimpa jina la Bwana Miti, wakamcheka kidogo, na kukata boriti wakaendelea kama kawaida, ila walikuwa wakimwamkia kwanza.

Mambo yalibadilika siku aliyokuja Bi Mwanakheir.

Bi Mwanakheir alikuwa bibi wa makamo mwenye shamba la muhogo lililopakana na msitu. Alikuja asubuhi, Borafya anakoroga uji wake, akasimama mbali kidogo na mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kwa ugomvi."

"Karibu, bibi. Ugomvi wa nini tena?"

"Mbuzi wangu kaliwa jana. Jike, tena ana mimba. Nyayo za chui nimezifuata, zimeingia humu kwako."

Sasa Borafya alikuwa mtoto wa mjini, na mtoto wa mjini aliyelelewa vyema ana adabu zake. Mtu akimwagikiwa na mchuzi nyumbani kwako, unamwomba radhi. Akijikwaa barazani kwako, unamwomba radhi, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akitazama juu. Hakuna anayedhani kwamba umekiri kosa.

"Niwie radhi sana, bibi," akasema. "Wallahi nimeona haya. Haikufaa kabisa."

Bi Mwanakheir akamtazama kwa makini. "Basi utamkanya?"

Borafya alidhani bibi anafanya mzaha ili ajiliwaze, na hakutaka kumkata. "Ntamkanya, bibi. Leo hii hii. Hatorudia tena, inshallah."

"Hapo umesema kiungwana," akajibu Bi Mwanakheir. "Yule wa zamani ukimwendea alikuwa akikutukana mpaka wazee wako."

Borafya hakuelewa yule wa zamani ni nani, lakini uji ulikuwa unashika chini, akaurudia.

Jambo ambalo Borafya hakulijua, na ambalo kila mtoto wa Pete analijua kabla hajaijua Alhamdu, ni kwamba huko shamba chui huhesabiwa wa namna mbili. Yuko chui wa mwitu, asiye na mwenyewe. Na yuko chui wa mtu, anayefugwa kwa siri, akalishwa, akatumwa, akakatazwa. Chui wa mtu akikulia mbuzi hupigi makelele. Unakwenda asubuhi kwa yule unayemdhania, unamweleza kwa adabu, na unamtazama anavyojibu. Asiyekuwa na chui atafoka, ataapa, atakufukuza mlangoni. Anayeomba radhi ndiye mwenyewe.

Na chui asirudi! Pengine alikuwa amehamia upande wa Charawe, pengine alipata nguruwe wa kumtosha, Mungu ndiye ajuaye. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu, na hapana mbuzi aliyepotea Pete. Alivyoahidi Borafya ndivyo ilivyokuwa, na Bi Mwanakheir alihakikisha kwamba kila mtu anajua.

Borafya aliona tu kwamba watu wamekuwa wema. Akienda kununua samaki, anapimiwa yeye mwanzo, tena changu wazuri. Akifika penye kahawa, wanaume wanasogea kumpisha, na wanasogea kupita kiasi, mpaka anajikuta amekaa peke yake kwenye jamvi zima. Na msituni pakawa kimya. Mashoka hayasikiki, nyavu hazionekani. Borafya akawa anatembea kifua mbele akidhani ni ile filimbi.

Aliyemfungua macho ni Maalim Duni, mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini, mtu mfupi aliyekuwa akicheka kwa tumbo zima. Alimweleza yote, kuanzia Bi Mwanakheir, huku akijifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Mimi? Chui?" akasema Borafya. "Maalim, mie naogopa hata paka!"

"Usinambie mimi. Kawaambie wao."

Akaenda akawaambia. Aliwaambia penye kahawa, kisimani, na mbele ya msikiti. Kila alipokana, watu waliitikia kwa vichwa kwa heshima kubwa, kwa sababu kwani mwenye chui atasema nini? Mwisho alichoka. Tena, tuseme kweli, kulikuwa na faida. Kazi ambayo mtu mmoja na filimbi yake asingeiweza, chui alikuwa akiifanya bila ya mshahara.

Shida ilikuja kwa sababu ya Mwanapili.

Mwanapili binti Jaku alikuwa akija pembeni mwa msitu pamoja na wanawake wenzake kukata ukindu wa mikeka na kuokota kuni. Ukindu ulikuwa ruhusa, na kuni kavu ruhusa, mti mbichi marufuku. Siku ya kwanza Borafya alimsimamisha, akaligusa tita lake na kusema kuna ufito mmoja mbichi.

"Huu?" akauliza Mwanapili. "Huu ulikufa zamani, Bwana Miti. Ila haujaambiwa."

Wenzake wakaangua kicheko, na Borafya akacheka nao, akausahau ufito. Tangu hapo ikawa kila siku ya ukindu lazima akague matita, na kila siku lazima la Mwanapili liwe la mwisho, wenzake wakiwa wamesimama pale pale wakitega masikio. Mwanapili hakuwa akimwogopa. Alikuwa akimuuliza majina ya wanyama wanavyoitwa mjini, na akimsahihisha. Alimfundisha kujua mtondoo kwa majani yake, na kumjua paa nunga kwa nyayo zake. Haikuchukua muda Borafya akawa hawezi kula vizuri siku isiyokuwa ya ukindu. Alimpenda, na alijua kwamba anampenda, na hakuona sababu ya kujificha.

Katika siku hizo hizo ndipo alipomwona chui. Kulikuwa kumekucha, mvua imetoka kukatika, na yeye anasukuma baiskeli kwenye njia ya magogo. Chui alikuwa akinywa maji katika dimbwi, hatua kumi mbele yake. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, madoa yake mengi na madogo madogo, na shikio moja limechanika. Alinyanyua kichwa akamtazama Borafya, akaona hapana la maana, akainama tena akamaliza kunywa. Kisha akaingia kwenye vichaka vya mikadi na hata jani halikutikisika. Borafya alibaki ameshika usukani wa baiskeli, moyoni ana furaha ambayo hajaipata tangu utotoni. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kila mtu anajua kwamba chui ni wake?

Basi Maalim Duni akakubali kuwa mshenga, akachukua posa kwa Mzee Jaku, baba yake Mwanapili. Alirudi akasema mzee amesema atatazama. Mwezi ukapita.

"Je, Maalim?"

"Bado anatazama."

"Anatazama nini?"

"Anakutazama wewe."

Mzee Jaku alikuwa mkuu wa wasasi. Akipuliza pembe yake, wanaume arubaini walikuwa wakitoka Pete, Charawe na Ukongoroni na mbwa wao na nyavu zao. Hakuwa mtu wa kuchezewa, na Mwanapili alikuwa kitinda mimba wake. Alitazama miezi mitatu, na mwisho akamwita Maalim Duni akampa jawabu.

"Anasema hamwozi mwanawe kwa mfuga chui," Maalim akamweleza Borafya. "Lakini anasema, mwenyewe unakana kila siku. Kama kweli huna chui, uje Ijumaa msikitini ule yamini juu ya msahafu, mbele ya watu. Ukishaapa, harusi baada ya Maulidi."

Borafya alirukaruka. "Hayo tu? Maalim, hiyo ndiyo kweli yenyewe! Hata leo naapa!"

"Ijumaa," akasema Maalim.

Ilikuwa Jumanne. Jumatano Borafya alipanda gari la shamba akaenda mjini kupeleka ripoti yake na kumpa mama yake habari njema. Mama yake, aliposikia habari ya chui, alicheka mpaka akakaa chini. Afisini, mkuu wake wa kazi, Mwingereza mrefu aliyechunika pua kwa jua, alimpa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwaka jana boriti zilitoka humo gari kwa gari," akasema kwa Kiswahili chake cha kunyooka. "Miezi hii hata moja. Umefanyaje?"

Borafya akafikiri. "Kwa maneno mazuri, bwana."

"Endelea na maneno hayo hayo."

Akatoka akapita Darajani, akanunua kofia mpya ya kiua na halua ya kupeleka ukweni, na alipokuwa akivuka kurudi Ng'ambo alikuwa akipiga mluzi. Hakuyafikiri yale maneno ya bwana hata kidogo. Alikuwa akimfikiri Mwanapili.

Ijumaa alikoga mapema, akavaa kanzu na kofia yake mpya, akenda msikitini. Alipokaribia alisikia njuga. Ng'ambo ya njia, mbali na msikiti kama inavyotakiwa, mbwa walikuwa wamefungwa kwenye minazi, mbwa wengi, wa rangi zote, njuga shingoni. Nyavu zilikuwa zimekunjwa kwenye majani, na mikuki imeegemezwa. Pembeni kulikuwa na watu wengine wasio na mbwa, wana mashoka na misumeno. Wengi hakuwajua.

Akamwendea mmoja, mtu wa Charawe aliyekuwa akitafuna tambuu. "Kuna nini leo?"

"Twakungoja wewe, Bwana Miti. Ukishaapa tu, twaingia."

"Mwaingia wapi?"

"Msituni. Chui asiye na mwenyewe ni mnyama wa porini tu. Leo mbwa watampandisha mti kabla ya alasiri. Na paa wamezidi humo, miezi minane hawajaguswa."

"Msitu una amri ya serikali!"

"Serikali iko mjini," akasema yule mtu, bila ya ubaya wowote. "Na wewe una filimbi."

Borafya akaingia msikitini akasali, na Mungu amsamehe, hakujua amesali rakaa ngapi. Kila imamu alipokuwa kimya alisikia njuga. Sala ilipokwisha watu hawakutoka. Maalim Duni akauleta msahafu juu ya marufaa, akauweka mbele yake. Mzee Jaku alikaa ubavuni, ndevu nyeupe, uso umetulia, na kwa mara ya kwanza alimtazama Borafya kama baba anavyomtazama mkwewe.

"Sema tu, mwanangu," akasema. "Jambo dogo."

Na lilikuwa dogo kweli. Sentensi moja, tena ya kweli tupu, na Mwanapili ni wake. Hakutakiwa aongope, hakutakiwa atoe kitu, alitakiwa aseme kwamba kisicho chake si chake. Borafya alinyoosha mkono. Kisha akamwona yule chui na shikio lake lililochanika, akiwa juu ya mti, mbwa chini, na mikuki inakuja. Akawaona kima punju, ambao hata hawajui kukimbia mtu, wamekaa wanatazama mashoka yakifika. Aliona wazi kwamba kufika magharibi hatakuwa na kitu cha kulinda. Akamwona na Mwanapili pia, na tita lake la kuni, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alitaka kulia mbele ya wanaume wote wale.

Akaurudisha mkono.

"Siapi," akasema.

"Vipi?" akauliza Mzee Jaku.

"Chui ni wangu." Akawageukia watu wote. "Chui wangu, na kima punju wangu, na paa nunga, na ngawa, na hao pelele wanaowanyima usingizi. Miti yangu pia. Atakayeingia na mbwa au na shoka ajue anaingia kwa mwenyewe."

Waliokaa karibu naye walisogea nyuma juu ya jamvi. Mzee Jaku akachukua bakora yake akainuka.

"Nimesikia," akasema. "Posa yako nimeirudisha."

Nje, mbwa walifunguliwa mmoja mmoja. Njuga zikalia njia nzima, zikashika njia ya kurudi majumbani, na hapana mtu aliyegeuza uso upande wa msitu. Msikitini walibaki Borafya na Maalim Duni, na Maalim siku hiyo hakucheka.

"Umeongopa msikitini."

"Sikuapa, Maalim."

"Hukuapa, hilo ni kweli. Ntakuombea. Na wewe jiombee."

Siku nne zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote alizopata kuziona. Halua ya ukweni iliingia sisimizi. Siku ya ukindu wanawake hawakuja kabisa. Borafya alizunguka msitu wake mchana kutwa, na kila alipokuta mti umesimama salama alijiambia kwamba amefanya vizuri, na kila aliporudi kibandani alijiambia kwamba yeye ni mjinga wa mwisho kisiwani. Yote mawili aliyaamini. Alimtafuta chui angalau amwone mara moja, ajue amempoteza mke kwa ajili ya nini, na chui hakutokea.

Jumatano asubuhi akaja Mzee Jaku. Alikuja peke yake, amevaa kanzu na koti juu, akakaa kwenye gogo nje ya kibanda bila ya kukaribishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa." Borafya akakaa. "Mimi sikukutendea haki. Kumbe la kuogopwa si chui, ni kumkana. Mtu akimkana chui wake, chui huona uchungu, akaja nyumbani kwa mwenyewe kutafuta haki yake. Miezi yote hii wewe unamkana, kahawani, kisimani, kila pahala. Ungeapa Ijumaa, ningekupa mwanangu, na mwanangu angekuwa wa mwanzo kuliwa."

Mzee Jaku akaiegemea bakora yake.

"Sasa umemkiri mbele ya watu, na chui kasikia. Mwanangu kwako atalala salama kuliko binti wa mtu yeyote hapa Unguja."

"Hayo umeyapata wapi, mzee?" akauliza Borafya polepole.

Mzee Jaku alikohoa. "Yanajulikana," akasema, akatazama pembeni. Kisha akainua kidole. "Lakini nna sharti moja. Mbuzi wangu asiwaguse."

"Ntamkanya," akasema Borafya, na safari hii alijua anasema nini.

Harusi ilikuwa baada ya Maulidi. Mama yake Borafya alikuja na magari mawili ya watu wa Miembeni, ngoma ikalia siku tatu, na hapana mgeni hata mmoja aliyethubutu kuingia msituni kukata hata fimbo. Bi Mwanakheir alileta mbuzi wa pilau kwa hiari yake, akasema huyu ni bora aliwe na watu.

Siku ya tatu ya fungate, maharusi wakiwa bado ndani nyumbani kwa Mzee Jaku, waliletewa vitumbua na chai ya mdalasini. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Mwanapili alikuwa amekaa mkekani, mikono yake imejaa hina, naye alikuwa akimtazama mumewe kwa namna ya mtu mwenye neno.

"Nikuulize?"

"Niulize."

"Yule chui ni wako?"

Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza hivyo, kwa kutaka kujua. Borafya akaweka kitumbua chini. "Si wangu. Nimemwona mara moja tu, alfajiri, anakunywa maji. Shikio moja limechanika. Sijapata kufuga hata kuku, Mwanapili."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mwanzo. Ulitumbukia kwenye siafu ukapiga yowe. Mfuga chui hapigi yowe lile."

"Na baba yako? Yale aliyoyasema, ya chui kumwendea mtu anayemkana..."

"Niliyatunga mimi. Jikoni, nakuna nazi. Nikamwambia nimeyasikia kwa marehemu bibi, na bibi hawezi kuulizwa."

Borafya alicheka mpaka chai ikamwagika. Alipoinua uso aliona kwamba Mwanapili hacheki.

"Siku ile ya Ijumaa nililia," akasema Mwanapili. "Walikuja mbio kunambia, Borafya kaulizwa baina yako na chui, kamchukua chui. Nikalia mpaka alasiri. Nikakutukana kwa maneno ambayo hutoyasikia kwangu tena. Ulikuwa na neno moja tu la kusema."

"Niliwaona mbwa," akasema Borafya. Hakuwa na jengine. "Nilikuwa na mkono juu ya msahafu, nikawaona mbwa. Nilijua nakupoteza. Sikuwa najua nitafanya nini na roho yangu baada ya hapo."

"Njuga zilifika mpaka hapa. Zilipokuja, nilijua kabisa wanakwenda msituni, nikajisemea, haya, si kitu, nnaolewa. Kisha nikazisikia zinarudi." Alikuwa akiuma mdomo. "Nikaendelea kulia. Lakini nikasema, yule mnyama hata hamjui, na hakumtoa. Mtu huyu mimi simwachi akaozwa mwengine. Ndiyo nikaingia jikoni kukuna nazi."

Borafya akamshika mkono pamoja na hina yake. "Nilikukosea."

"Ulinikosea sana," akasema Mwanapili. Akavuta birika kwa mkono wake mwengine, akamjazia kikombe kilichomwagika. "Siku nyingine wakikutaka uchague baina yangu na mnyama, uje uniulize mie mwanzo. Wewe kuongopa hujui."